Faili Chache, Kuosha Kwingi: Mwongozo wa Tiba ya Mzizi wa Jino

Mwongozo huu nimewaandikia madaktari na matabibu wa meno wanaofanya tiba ya mzizi kwenye kliniki za kawaida za Dar es Salaam: kiti kimoja au viwili, mashine ndogo ya eksirei, mota ya kuzungushia faili inayogombaniwa, na mgonjwa aliyepanda daladala mbili akiwa na shavu limevimba. Kama wewe ni mgonjwa na umeufikia kwa bahati, soma tu, utajua la kumuuliza daktari wako. Ila usijaribu lolote nyumbani.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kazi ya faili, kile kijichuma chembamba cha kukwangulia ndani ya mzizi, ni kufungua njia. Kinachosafisha mfereji, yaani njia nyembamba iliyo ndani ya mzizi, ni dawa ya kuoshea. Kwa hiyo fedha ikiwa ndogo, punguza idadi ya faili, na kilichobaki kipeleke kwenye sindano nzuri, dawa sahihi na raba ya kutengea jino. Wengi tunafanya kinyume chake. Mtu ananunua mota ya bei mbaya, halafu mfereji anauosha kwa maji ya dripu, kwa sindano nene ya kuchomea misuli iliyokatwa ncha.

Kwa nini chuma peke yake hakitoshi

Mwaka 1965 watafiti Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini, ile nyama laini iliyo katikati ya jino, wakayaacha wazi. Panya wa kawaida viini vyao vilioza na ncha za mizizi zikafanya majipu. Panya waliolelewa bila kijidudu chochote viini vyao vilibaki hai, vikaanza kujenga tabaka jipya la kuziba tundu, japo chakula kilikuwa kimejazana humo humo. Tangu hapo tunajua tunapambana na nani: bakteria. Umbo zuri la mfereji kwenye eksirei si ushahidi kwamba wameondoka.

Baadaye zikaja picha za CT zinazopima jino kwa mikroni, watu wakaanza kulinganisha mfereji kabla na baada ya kuchongwa. Zikaonyesha kwamba asilimia 35 au zaidi ya ukuta wa mfereji haiguswi kabisa na faili, na kubadilisha aina ya faili hakusaidii sana. Sababu ni umbo lenyewe. Mfereji si bomba la duara. Kwenye magego madogo mara nyingi ni bapa. Kwenye mzizi wa mbele wa gego la kwanza la chini, mifereji miwili huunganishwa na mpasuo mwembamba ambao hakuna faili inayoingia. Ni sawa na kuosha mtungi wenye shingo nyembamba: kijiti utakipitisha, lakini ubavuni kunafikiwa na maji unayoyatikisa.

Hapo ndipo faili chache zinapoleta faida na mtego kwa pamoja. Faida ni muda. Mtego ni kwamba muda huo ukiisha mapema, dawa nayo inakuwa imekaa dakika chache tu ndani ya jino. Zamani, faili nane zikiingia na kutoka, hipokloriti, dawa yetu kuu ya kuoshea, ilikuwa inafanya kazi wakati wote huo bila mtu kuipangia ratiba. Ukimaliza kuchonga haraka, muda uliookoa urudishe kwenye kuosha. Nisingekuwa na nafasi ya kusema zaidi ya jambo moja, ningesema hilo.

Ganzi, raba, kisha mlango

Raba ya kutengea jino haina mbadala unapotumia hipokloriti. Inamkinga mgonjwa asimeze dawa wala faili, inazuia mate kurudisha bakteria, na inakupa wewe ujasiri wa kumimina dawa nyingi bila woga. Taji la jino likiwa limeliwa hadi kwenye fizi, jenga kwanza ukuta kwa glasi ayonoma, ile simiti ya kuzibia meno, ili klampu inayobana raba ishike, kisha ndipo uanze. Pakivuja pembeni, ziba. Dakika chache za kujenga ukuta zinalipa.

Mvishe mgonjwa miwani na aproni ya plastiki inayofika magotini. Tone moja la hipokloriti kwenye baibui jeusi linaacha doa la rangi ya kutu lisilotoka tena, na hakuna maelezo ya kitaalamu yatakayomtuliza mwenye baibui.

Fungua mlango wa kutosha. Pembe za paa la kiini lazima ziondoke zote, ndipo faili iingie wima bila kugonga ukuta. Kwenye gego la kwanza la juu, usiridhike na mifereji mitatu. Wa nne hukaa kwenye mzizi wa mbele upande wa shavuni, ukielekea ndani kidogo kutoka kwa mwenzake, na mara nyingi umefunikwa na kizingiti cha jino gumu. Kwenye meno ya mbele ya chini, tafuta mfereji wa pili upande wa ulimi. Mfereji uliosahaulika hauponi kwa dawa yoyote.

Ukishaona midomo ya mifereji, jaza hipokloriti hapo hapo kwenye chemba, ule uwazi wa kiini uliofungua. Kuanzia dakika hiyo hadi hatua ya mwisho, faili isiingie kwenye mfereji mkavu.

Faili ngapi basi?

Njia ya zamani tuliyofundishwa wengi ni ya kurudi nyuma kwa hatua. Unaanza na namba 15, 20, 25, 30 hadi urefu kamili, halafu 35 milimita moja nyuma, 40 milimita mbili nyuma, 45 tatu, 50 nne, na kila mara unarudi na faili ndogo kuhakikisha njia haijaziba. Kwenye gego lenye mifereji mitatu, hesabu mwenyewe. Na kila faili inayoingia inasukuma unga wa jino mbele yake kuelekea ncha ya mzizi.

Faili za chuma cha nikeli na titani zilielezwa mara ya kwanza na Walia na wenzake mwaka 1988. Zinapinda bila kung'ang'ania kurudi wima, na ndiyo maana zikaweza kuzungushwa kwa mota ndani ya mzizi uliopinda. Mwaka 2008 Ghassan Yared akaeleza namna ya kuchonga mfereji mzima kwa faili moja tu ya nikeli na titani, ikizungushwa mbele na nyuma badala ya mzunguko mfululizo. Mwaka 2011 Reciproc na WaveOne zikaingia sokoni kwa wazo hilo. Reciproc inakata digrii 150 upande mmoja na kurudi 30. WaveOne inakata 170 na kurudi 50. Huko kurudi ndiko kunakoipumzisha faili kabla haijang'ang'ania kwenye jino na kukatika.

Seti yangu ya chini kabisa kwa gego la kawaida ni hii: faili ya mkono namba 10 na 15 za chuma cha pua, namba 8 ya akiba kwa mifereji iliyobana, kifaa kimoja cha kupanua mdomo wa mfereji, na faili moja ya kuchonga yenye ncha ya 25. Basi. Namba 20 hadi 40 za mkono zinakaa pembeni kwa kupimia, sizichongei. Kumbuka namba ya faili ni unene wa ncha kwa sehemu ya mia ya milimita, yaani 25 ni milimita 0.25. Faili ya mkono ya kawaida huongezeka milimita 0.02 kwa kila milimita moja ya urefu, na sehemu inayokata ni milimita 16. Faili ya mota huongezeka 0.06 hadi 0.08 karibu na ncha. Unene huo wa ziada ndio unaokuruhusu kuacha faili nyingine zote: unaipa sindano ya kuoshea nafasi ya kushuka.

Kama una mota, nenda hivi.

Kwanza panua theluthi ya juu ya mfereji. Gates-Glidden, vile vikekee vya kupanulia mdomo wa mfereji, namba 2 na 3 zinatosha, na zisivuke sehemu iliyonyooka. Osha.

Pili, shusha namba 10 kwa mkono, polepole, ukiipinda kidogo ncha yake. Ikigoma usiisukume. Itoe, osha, rudi. Ikifika, pima urefu kwa kifaa cha umeme, kisha thibitisha kwa eksirei. Kifaa cha umeme hudanganywa na chemba iliyofurika na mzibo wa chuma ulio karibu, kwa hiyo kausha chemba, acha mfereji wenyewe ukiwa na unyevu. Urefu wa kufanyia kazi uwe nusu hadi milimita moja kabla ya ncha unayoiona kwenye picha. Chonge la juu hukaribia milimita 26 au 27, kwa hiyo faili ya milimita 25 haitafika; tafuta ya 31 kabla hujaanza, si mgonjwa akiwa amekwishapanua mdomo.

Tatu, hakikisha namba 10, na ikiwezekana 15, inateleza hadi mwisho bila kubanwa. Hapa usiwe na haraka. Faili nyingi zinazokatika zinakatika kwa sababu hatua hii ilirukwa.

Nne, ingiza faili ya kuchonga kwa miguso mifupi ya juu na chini isiyozidi milimita tatu. Miguso mitatu, toa. Futa makapi kwenye sponji, osha mfereji kwa mililita mbili au zaidi, pitisha namba 10 hadi mwisho, osha tena, rudia. Usiisukume hata kidogo. Ikikataa kushuka, tatizo liko kwenye njia, kwa hiyo rudi kwa namba 10. Na usichanganye mota: faili hizi za kwenda na kurudi hukata kinyume cha saa, ukizifunga kwenye mota ya kawaida inayozunguka kisaa hazikati.

Tano, pima. Shusha faili ya mkono namba 25 hadi urefu wa kufanyia kazi. Ikikaza hapo, imetosha kwa mfereji mwembamba. Ikipita bila kugusa, mfereji wako ni mpana kuliko faili yako. Jaribu 30, 35, 40, kisha chagua faili kubwa ya kumalizia. Mfereji wa nyuma wa gego la chini na jino la mbele la juu la kijana karibu kila mara vinahitaji kubwa zaidi. Faili moja ni mwanzo wa hesabu, wala si kiapo.

Kama huna mota, au umeme umekatika na betri nayo imekufa, usijione umeshindwa. Panua mdomo wa mfereji, halafu tumia faili za mkono kwa mzunguko wa kusawazisha nguvu ulioelezwa na Roane na wenzake mwaka 1985: zungusha kisaa robo mzunguko ili ishike, zungusha kinyume cha saa angalau theluthi moja ya mzunguko huku ukiikandamiza isipande, kisha zungusha kisaa ukiitoa na makapi yake. Kwa namba 15, 20, 25 na 30 kwa mtindo huo, mifereji mingi itafika mahali pazuri. Zipo pia faili za nikeli na titani zenye mpini wa mkono, na kwa kliniki ndogo naziona ni ununuzi wa busara kuliko mota ya bei rahisi isiyo na vipimo vinavyoaminika.

Kabla ya kununua chochote kwa muuzaji wa Kariakoo au wa mtandaoni, tazama namba ya toleo, tarehe ya mwisho, na kama kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Faili ya bandia haikatiki dukani, inakatikia mdomoni mwa mtu.

Kuchagua dawa ya kuoshea

Hipokloriti ya sodiamu ndiyo bosi. Ni ile ile iliyomo kwenye jiki. Inaua bakteria, na juu ya hapo inayeyusha nyama iliyokufa, kazi ambayo dawa nyingine tunazotumia haziiwezi. Nguvu zinazotumika huanzia asilimia 0.5, ambayo Dakin aliitumia kuoshea majeraha ya vita kuu ya kwanza, hadi 5.25. Nguvu ikiwa kubwa, nyama inayeyuka haraka, na madhara yakitokea ni makubwa pia. Mimi natumia asilimia 2.5 kwa kazi nyingi. Nguvu ndogo unaweza kuifidia kwa kubadilisha dawa mara kwa mara na kuipa muda, kwa sababu klorini iliyomo huisha inapokutana na uchafu. Dawa iliyokaa dakika kumi bila kubadilishwa ni karibu sawa na maji.

Kama kliniki ina uwezo, nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya tiba ya mzizi. Ukilazimika kutumia jiki, chukua ile ya kawaida isiyo na manukato, isiyo nzito, isiyo na sabuni, na usome asilimia kwenye lebo, usikisie. Kama lebo inasema 3.5, changanya sehemu tano za jiki na mbili za maji safi, utapata 2.5. Ukitaka asilimia 1, geuza: sehemu mbili za jiki kwa tano za maji. Kama lebo inasema 3.85, sehemu 13 kwa 7 zinakupa 2.5.

Joto la Dar es Salaam ni adui wa dawa hii. Mwanga na joto vinaivunja, na chupa iliyokaa dirishani tangu Januari ina harufu ya klorini lakini nguvu imekwisha. Weka chupa kubwa kabatini penye giza na ubaridi, mimina kidogo kwenye chupa isiyopitisha mwanga, andika tarehe, na uchanganye upya kila siku ya kazi. Usinunue dumu la lita ishirini kwa sababu ni rahisi. Litachakaa kabla hujalimaliza.

EDTA ya asilimia 17 ni msaidizi, haishiki nafasi ya bosi. Faili ikikwangua ukuta inaacha utando wa unga wa jino uliokandamizwa kwenye vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana vya ukuta wa jino. Hipokloriti haiwezi kuuondoa kwa sababu sehemu kubwa yake ni madini. EDTA inanyakua kalisi na utando unaachia. Dakika moja mwishoni inatosha. Kuiacha dakika kumi na zaidi ni kuanza kula jino lenyewe. Usiichanganye na hipokloriti kwenye bomba moja wala ndani ya mfereji, inaimaliza klorini papo hapo. Ukikosa EDTA, asidi ya sitriki ya asilimia 10 inafanya kazi hiyo hiyo.

Klorheksidini ya asilimia 2 inaua bakteria na inang'ang'ania kwenye ukuta kwa muda, lakini haiyeyushi nyama hata chembe, kwa hiyo isiwe dawa yako kuu. Nafasi yake naiona kwa mgonjwa mwenye mzio wa hipokloriti, au ncha ya mzizi ikiwa wazi sana na unaogopa dawa kuvuka. Ikikutana na hipokloriti inatoa tope la kahawia linaloziba vinyweleo na kulitia jino rangi. Ukitaka kuitumia mwishoni, suuza kwanza kwa maji ya dripu na ukaushe kwa karatasi za kunyonyea.

Maji ya dripu yanasukuma taka nje na kutenganisha dawa moja na nyingine. Hayaui kitu. Haidrojeni peroksaidi ile tuliyokuwa tukiibadilishana na hipokloriti ili itoe povu, iache. Povu linapendeza macho tu, na oksijeni yake ikivuka ncha ya mzizi inaweza kuvimbisha uso.

Sindano na mkono

Sindano bora ni ya geji 30, iliyofungwa ncha, yenye tundu ubavuni. Unene wake ni takriban milimita 0.3. Geji 27 ni kama 0.4, nayo inafaa kwenye mifereji mipana. Geji 23 na 21 za kuchomea misuli hazishuki, zinaoshea mlangoni tu. Dawa haiendi mbali zaidi ya milimita moja au mbili kupita tundu la sindano, kwa sababu hewa hunaswa kwenye ncha ya mfereji na kuizuia. Ndiyo maana lazima sindano ishuke yenyewe, na ndiyo maana mfereji lazima uchongwe kiasi cha kuipitisha.

Weka kipira cha alama milimita mbili kabla ya urefu wa kufanyia kazi. Tumia bomba la mililita tatu au tano lenye kufungwa kwa mzunguko ili sindano isichomoke. Sukuma kwa kidole cha shahada, kidole gumba kina nguvu kupita kiasi. Sindano iwe inacheza juu na chini muda wote. Ikibanwa, simama, itoe nyuma. Kila bomba liandikwe jina la dawa iliyomo, na hipokloriti isiwekwe kamwe kwenye bomba la aina unayotumia kwa ganzi.

Ratiba yangu baada ya kuchonga ni hii. Hipokloriti mpya, kisha naitikisa. Kama kuna ultrasoni, mashine ya kutikisa kwa mitetemo ya kasi, ncha yake nyembamba inaingia milimita mbili kabla ya mwisho, isiguse ukuta, sekunde 20, nabadilisha dawa, narudia hadi mara tatu. Kama haipo, nachukua gutapecha, kile kijiti laini cha kuzibia mfereji, inayolingana na mfereji, naikata ifike milimita moja kabla ya mwisho, naipandisha na kuishusha milimita mbili tatu, kama mara mia kwa dakika. Gharama yake ni gutapecha moja.

Mama mmoja wa makamo alikuja na gego la chini lililokufa zamani. “Dokta mwanangu, ling'oe tu yaishe.” Nikamwambia, “Mama, hili ndilo unalotafunia, nipe leo tu.” Faili moja ilimaliza kuchonga mapema, hipokloriti iliyokuwa inarudi ilikuwa safi kabisa, na kwa macho kazi ilikuwa imekwisha. Nilipoanza kupandisha na kushusha gutapecha kwenye mfereji mmoja wa mbele, dawa kwenye chemba ikageuka maziwa. Vikatoka vipande vidogo vya kijivu, vikafuatwa na kamba nyembamba ya nyama iliyokuwa imejificha kwenye mpasuo kati ya mifereji miwili. Nilibadilisha dawa na kurudia hadi ikabaki safi kama maji hata nikitikisa. Hicho ndicho kipimo changu: dawa ibaki safi baada ya kutikiswa, maana kabla ya kutikiswa haisemi kitu.

Baada ya hapo nakausha, naweka EDTA dakika moja, naitikisa nayo, nasuuza, kisha hipokloriti kidogo ya kumalizia, maji ya dripu, karatasi za kunyonyea. Kwa jumla, tangu kufungua mlango hadi mwisho, napenda hipokloriti iwe imefanya kazi nusu saa. Mgonjwa akilalamika kwamba nimekaa kimya bila kufanya kitu, namweleza dawa inafanya kazi.

Dawa ikivuka ncha ya mzizi

Utajua tu. Mgonjwa anashtuka kwa maumivu makali ya ghafla licha ya ganzi, damu inajaa mfereji, na shavu linavimba ukiliangalia. Acha mara moja. Usizibe jino. Osha taratibu kwa maji ya dripu mengi, acha damu itoke, mtulize, mwambie ukweli. Mpe dawa ya maumivu. Siku ya kwanza akande kwa baridi, kuanzia siku ya pili kwa vuguvugu. Antibayotiki ni pale unapoona hatari ya maambukizi. Michubuko ya bluu shavuni na chini ya jicho inatisha lakini huisha ndani ya wiki mbili tatu. Mpigie simu jioni ile ile, mwone kesho yake. Akishindwa kumeza au kupumua vizuri, au jicho likiguswa, asisubiri kesho: aende Muhimbili sasa hivi, na barua yako mkononi ikisema ni dawa gani na nguvu yake.

Ajali hizi huanzia mahali pale pale: sindano iliyobanwa, kidole gumba chenye haraka, urefu uliokisiwa, au mzizi wa kijana ambao ncha yake haijafunga.

Kuziba, kurudi, na kutunza faili

Jino lililokuwa hai, likikauka vizuri, lizibe siku hiyo hiyo. Nalipendelea hilo hasa kwa mgonjwa wa mbali, kwa sababu “nitarudi mwisho wa mwezi” mara nyingi ni miezi mitano, na mzibo wa muda hauvumilii hivyo. Usaha ukiendelea kutiririka, weka kalisi haidroksaidi, dawa ya kukaa ndani ya mfereji, angalau wiki moja kisha mwite tena. Taji lisicheleweshwe kwenye gego, maana gego lililotolewa kiini hupasuka kirahisi likitafuna bila kufunikwa. Bei ya taji itaje mwanzoni, kabla ya ganzi.

Faili za matumizi ya mara moja zitupe baada ya jino moja. Nyingine ziwekee daftari: kila faili na idadi ya meno iliyopitia, na mfereji uliopinda sana uuhesabu kama mwisho wa maisha yake. Nikeli na titani hukatika bila kuonyesha dalili, kwa hiyo macho yako si kipimo. Usiziloweke kwenye hipokloriti usiku kucha, inazila. Zisuguliwe kwa brashi, zifungwe, ziingie autoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kwenye nyuzi 134 kwa dakika tatu au zaidi, au 121 kwa dakika 15.

Eksirei ya kufuatilia piga baada ya mwaka mmoja. Doa jeusi kwenye ncha likiwa limepungua lakini halijaisha, subiri, linaweza kuchukua hadi miaka minne. Likiwa limekua, kabla ya kulaumu dawa, itazame upya picha ya mwanzo uone kama kuna mfereji ulioupita.